Miguu Laini ya Don Hilario

Mahujaji ni watu wa ajabu. Unawapa supu moja, kutoka sufuria moja, kwa upawa mmoja, na asubuhi huyu anakushika mikono akisema hajala kitu kitamu namna ile tangu mama yake afe, na yule anakuuliza mbwa wenu alikufa kwa ugonjwa gani. Magodoro ni yaleyale, lakini mmoja analala kama mtoto mchanga, mwenzake anaamka anataka kumshitaki aliyeyatengeneza. Mimi kabla ya kazi hii nilikuwa mkata manyoya ya kondoo, na nasema kweli: kondoo wana shukrani zaidi, na harufu yao ina nafuu.

Hosteli yetu ya Valdecuervo ni mali ya parokia, imeegemea ukuta wa kanisa. Dada yangu Benigna anapika. Mimi nafanya yaliyobaki, yaani kuzibua choo na kusikiliza malalamiko, kazi mbili ambazo sioni tofauti yake kubwa. Sheria zetu ni chache. Kitanda ni cha aliyekuja kwa miguu yake. Ukilala leo, kesho unaondoka. Na kabla ya kuketi mezani, miguu inaoshwa.

Hilo la miguu alilianzisha Padre Leoncio. Zamani alikuwa akipiga magoti na kuwaosha mwenyewe, kama Bwana wetu alivyowaosha wanafunzi wake. Kisha magoti yakamgomea. Siku hizi mahujaji wanakaa kwenye benchi refu, kila mmoja anamwosha jirani yake, mimi napita na birika, na Padre anasali kutoka kwenye kiti chenye mto. Asiyeoshwa hali. Wapo wanaolia machozi ya furaha. Wapo wanaosema ni uchafu na kwamba watamwandikia askofu. Wamwandikie. Askofu mwenyewe kila akija huku anakuja na dereva.

Siku ile ya Septemba jua lilikuwa linakaanga mawe. Nilikuwa juu kwenye baraza naanika mashuka, nikaona teksi ya binamu yangu Amancio inasimama nyuma ya ukuta wa makaburi. Akashuka mtu mnene wa miaka sitini hivi, begi mgongoni, fimbo mkononi, kombe la chaza, ile alama ya mahujaji, linaning'inia shingoni. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akainama akachota vumbi, akajipaka kwenye suruali mpaka magotini. Akaenda kwenye bomba la kumwagilia maua ya marehemu, akajimwagia maji kichwani na kwapani. Halafu akaingia kijijini anachechemea.

Nikashuka nikampokea mlangoni.

"Karibu, bwana. Pole na safari."

"Wacha tu, ndugu yangu! Jua limetaka kuniua leo. Lakini sisi watu wa zamani tuliumbwa kwa chuma." Akanipa mkono uliolowa. "Hilario Barrientos, mwenye bucha, Zaragoza. Watu huniita Don Hilario."

Ningeweza kumfukuza palepale. Lakini Amancio ni damu yangu na ana watoto wa kulisha, vitanda vilikuwa vimejaa nusu tu, na zaidi ya yote nilitaka kujua mtu mzima anajipaka vumbi ili amdanganye nani.

Nilijua alipofika huyo wa kudanganywa. Jua lilikuwa limeshainama. Don Hilario alikuwa kwenye benchi la nje na glasi yake ya pili ya divai, viatu bado miguuni. Akatokea kijana mwembamba, mrefu, midomo imepasuka, anatembea kama mtu anayekanyaga mayai.

"Umechelewa tena, kijana!" Don Hilario akapaza sauti. "Nilitaka kuwaambia wachimbe kaburi, nikaona nisiwasumbue wenyeji."

"Habari za jioni, Don Hilario," kijana akajibu. Jina lake Unai. Alikaa chini palepale kwenye sakafu ya mlango, akashindwa hata kufungua kamba za buti. Nilimfungulia mimi. Nilichokiona ndani ya soksi zile sitakisimulia, kuna watu wanasoma huku wanakula.

Don Hilario hakuhitaji kuulizwa. Aliwasimulia wote waliokuwa pale, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuuza ini sokoni.

"Huyu mnayemwona anataka kumwoa binti yangu. Jara wangu! Na hali nyama. Sikilizeni vizuri: hali nyama. Babu yangu alikuwa na bucha, baba yangu bucha, mimi bucha tatu, na mtoto ananiletea sungura wa kutafuna karoti. Nikamwambia, mwanamume asiye na nyama tumboni hana nguvu ya kubeba nyumba. Kama nakusingizia, twende Santiago kwa miguu, kila mtu kivyake, na kila jioni tulale hosteli moja. Atakayetangulia kufika mlangoni kwa Mtume Yakobo ndiye mwenye neno la mwisho. Akinishinda, amchukue. Nikimshinda, mtaa wetu asiukanyage tena." Akapiga funda. "Tangu tumeanza hajanipita hata mara moja. Karoti hizo!"

"Na umekubali?" nikamuuliza Unai.

"Ningefanyaje? Ndiye baba yake."

Pale benchi walikuwapo wageni wengine watatu ambao ni lazima muwajue. Ute, mwanamke wa Kijerumani aliyestaafu ualimu, ambaye tangu aingie alikuwa ameshalalamikia bomba, mto, mlango na paka. Ornella, Mwitaliano, ambaye alikuwa ameshalia kwa kulipenda bomba hilohilo. Na Bwana Bae kutoka Korea, ambaye hakulia wala hakulalamika, alipiga picha tu: bomba, mto, mlango, paka.

"Mzee huyu ana nguvu za Mungu," Ornella akasema.

"Ana nguvu za kitu fulani," Ute akasema. "Sijamwona njiani hata siku moja, na mimi naanza kutembea kabla ya jogoo."

"Mama, wewe unatazama chini unapotembea," Don Hilario akamjibu. "Mimi napita kama upepo."

Padre akagonga kengele yake ndogo. Wakati wa miguu.

Hapo nikaona Don Hilario anabadilika rangi. Akasema amechoka. Akasema ana fangasi, asiwaambukize wenzake. Akasema kwao Zaragoza wanaume hawavuliwi soksi hadharani.

"Usipooshwa huli," Padre akasema.

"Nitakula mkate wangu chumbani."

"Leo ni dengu na soseji," Benigna akasema kutoka jikoni. "Soseji ya nguruwe wetu mwenyewe." Kisha akamgeukia Unai. "Wewe mwanangu, zako nitazichomoa."

Mwenye bucha ni mwenye bucha. Ile harufu ilimshinda. Akakaa mwishoni kabisa mwa benchi refu la ndani, kwenye giza kidogo, akidhani hatakuwa na jirani. Lakini mwisho ni mwisho wa upande mmoja tu. Upande wa pili alikaa Unai, na kwa zamu zetu Unai ndiye wa kumwosha.

Nilikuwa nimesimama hapo na birika. Kijana akapiga magoti, maskini, na yale magoti yakalia kama mlango mkavu. Akavuta soksi ya kulia. Akavuta ya kushoto. Akabaki ameshika soksi mkononi.

Nimeona miguu mingi. Sijapata kuona kama ile. Myekundu kidogo mahali soksi ilipobana, basi. Nyayo laini, nyeupe, zimenona, kama za askofu. Hakuna lengelenge, hakuna sugu, hakuna ukucha mweusi. Mtu aliyetembea wiki tatu hana miguu hiyo. Mtu aliyetembea mpaka sokoni hana miguu hiyo.

Unai akainua macho akamtazama mkwewe mtarajiwa. Don Hilario alitazama dari, jasho linamtiririka, na safari hii halikuwa maji ya makaburini. Nikajiambia, sasa kijana atamwanika mbele ya Mjerumani, Mwitaliano na Mkorea, na harusi itakufa hapahapa kwenye beseni. Maana msichana gani ataolewa na mtu aliyemvua baba yake nguo mbele za watu?

"Padre!" Unai akaita kwa nguvu. "Padre, njoo uone! Njooni wote! Mzee ametoka Roncesvalles, mwanzo wa njia, kwa miguu, amepita milima, amepita mawe, na hana hata lengelenge moja!" Akashusha sauti. "Padre, hiki ni nini kama si muujiza?"

Nilimtazama vizuri. Pembe moja ya mdomo ilikuwa inatetemeka, kama ya mtu anayezuia kicheko.

Sasa muelewe jambo moja kuhusu Padre Leoncio. Macho yake hayaoni mbali na moyo wake una kidonda: kijiji cha jirani, Fuentelobos, kina muujiza wao, mfupa wa mtakatifu uliotoa jasho enzi za kale, na kwa mfupa huo wanapata mahujaji mara tatu yetu. Padre amesubiri muujiza wake miaka yote. Alikuja anapapasa ukuta, akainama, akashika kisigino cha mwenye bucha kwa mikono miwili.

"Kama mtoto mchanga," akanong'ona.

Ornella akapiga magoti na kuanza kulia. Bwana Bae akapiga picha ya nyayo, ya kulia, ya kushoto, zote pamoja.

"Upuuzi," Ute akasema. "Huyu amepanda gari."

"Dada, nyamaza, unamkasirisha Mtume," Ornella akamwambia.

"Don Hilario," Unai akasema kwa upole, "mama huyu anasema ulipanda gari. Mwambie mwenyewe."

Nikaona mtu aliyebanwa. Akikataa muujiza, amekiri teksi. Akikubali muujiza, ni mtakatifu.

"Mimi... mimi ni mtu mdogo tu," akasema mwishowe. "Mtume ndiye anayejua."

"Unyenyekevu!" Padre akapaza sauti. "Kesho tutakusindikiza!"

"Kunisindikiza?"

"Hatua kwa hatua mpaka Fuentelobos. Ni lazima wawepo mashahidi. Nataka wale wenye mfupa wakuone ukiingia kwa miguu hiyo."

Kula alikula, lakini bila raha. Soseji ya nguruwe wetu aliiacha nusu. Benigna hajamsamehe mpaka leo.

Kulipopambazuka Amancio alikuwa nyuma ya makaburi kama walivyoahidiana. Don Hilario alitoka kwa mlango wa nyuma na begi lake, na nyuma ya mlango wa nyuma walikuwapo Ornella, Ute, Bwana Bae na Padre amevaa kofia ya jua.

"Teksi!" Padre akasema aliposikia injini. "Mungu hamtupi mja wake. Amancio, mwanangu, nipeleke Fuentelobos nikawaandae watu. Magoti yangu hayafiki. Nyinyi tembeeni naye."

Akapanda. Don Hilario aliisindikiza teksi ile kwa macho kama mtu anayeona nyumba yake inaondoka.

Njia ya kwenda Fuentelobos mimi naijua vizuri. Imenyooka kama rula, hakuna kijiji, hakuna mti, hakuna kivuli, ngano imeshavunwa na yamebaki mabua tu pande zote. Barabara ya magari inakwenda sambamba nayo. Kila siku nafuata mikate huko kwa gari letu dogo, na siku hiyo niliondoka kwa kuchelewa makusudi. Kule nikamkuta Padre amekwisha kuwapanga watu mbele ya kanisa, na mtu wa kengele yuko juu mnarani. Nikapakia mikate nikarudi polepole, dirisha wazi.

Wa kwanza kukutana naye alikuwa Ornella, anatembea peke yake huku akifuta pua.

"Muujiza umeondoka," akaniambia. "Ametokwa na malengelenge mawili kwa mpigo. Kisha akatukana. Akamtukana Mtume mwenyewe, na mama wa Mtume!"

Nyuma yake Ute, anacheka peke yake. Tangu aingie kijijini kwetu sikuwa nimeyaona meno yake.

"Kwa kweli hosteli yenu si mbaya," akasema. "Ila lile bomba."

Bwana Bae alikuwa pamoja naye. Alinipiga picha mimi na mikate.

Mbele zaidi nikawaona wawili. Don Hilario kaketi juu ya jiwe la kuonyesha njia, mguu mmoja uko wazi juu ya paja la Unai, na Unai anapitisha sindano na uzi kwenye lengelenge, kama tunavyofanya sote, uzi unaachwa ndani maji yatoke. Nikasimamisha gari. Njia mbele ya kijana ilikuwa wazi. Angeinuka tu na kwenda, angefika jioni ile kabla ya mzee, na kesho, na keshokutwa, na Santiago. Alikuwa na ushindi mfukoni, naye amekaa vumbini anashona mguu wa mtu.

"Wewe!" Don Hilario aliponiona akanyoosha mikono. "Wewe wa hosteli! Nipandishe!"

"Ni gari la mikate."

"Nitalala juu ya mikate!"

"Panda tu, Don Hilario," Unai akasema bila kuinua kichwa. "Sitamwambia mtu."

Don Hilario akalitazama gari, akamtazama kijana, na mikono yake ikashuka taratibu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya tatu. Kila jioni unanuka ule msonobari wa plastiki wanaoutundika kwenye teksi. Na njia yote hii hakuna msonobari."

"Na jana ulikuwa na nafasi ya kunimaliza. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungenichukia maisha yako yote." Akakata uzi kwa meno. "Hivi, utanichukia mpaka haya yapone."

Nzi walikuja wakatua juu ya mwenye bucha, hakuwafukuza. Mwisho akatoa simu mfukoni, akapiga, akaiweka sauti kubwa, maana ni mtu asiyejua kufanya jambo kimyakimya hata akitubu.

"Jara, binti yangu. Baba hapa. Sikiliza. Huyu wako wa karoti, mimi nimeshakubali. Mchukue."

Ikatoka sauti ya mwanamke, safi, kali, sauti ya bucha tatu.

"Nimchukue nani? Ni gunia la viazi?"

"Unai. Nimekubali muoane."

"Baba, mlikaa wawili mkanicheza kamari kwa miguu yenu. Nani aliniuliza mimi? Nilijua kwa mama, mkiwa mmeshaondoka! Na yeye Unai yupo hapo?"

"Nipo, Jara," Unai akasema, amesimama wima kama yuko mahakamani.

"Wewe ndiye uliyeniudhi kuliko yeye. Yeye ni baba yangu, nimemzoea. Wewe una akili, halafu ukakubali kwamba ukishindwa utaniacha. Ungeniacha?"

Kilomita zote zile, vidonda vyote vile, na swali hilo Unai hakuwahi kujiuliza. Nililiona likimwingia.

"Nilidhani nikitembea vya kutosha..." akaanza.

"Unatembea kwenda wapi, Unai? Mimi niko Zaragoza. Tangu mwanzo wa mwezi kila siku unazidi kuwa mbali na mimi."

Simu ikakatika. Don Hilario aliitazama kama imemng'ata.

"Mama yake hivyohivyo," akaninong'oneza.

Unai aliinua begi, akatazama upande wa Santiago, akageuka akatazama upande wa jua lilikotoka. Kisha akaja kwenye gari langu, akafungua mlango, akasogeza mikate, akaingia. Yule ambaye hakupanda hata toroli tangu Roncesvalles.

"Basi la Burgos linapita kwenu saa ngapi?" akaniuliza.

"Mchana. Tukiondoka sasa unaliwahi."

"We kijana!" Don Hilario akainuka na mguu mmoja. "Na shindano letu? Ukipanda gari umeshindwa!"

"Nimeshindwa, Don Hilario."

"Si unaniachia ushindi bure! Mimi nafanyaje na ushindi?"

"Endelea nao Santiago. Mtume anakusubiri."

"Na mimi je?" akanigeukia. "Nipandishe na mimi!"

"Fuentelobos ni kule," nikamwonyesha. "Padre amewapanga watu mbele ya kanisa, na mtu wa kengele yuko mnarani tangu asubuhi. Usimwache yule mzee anapigwa na jua."

Alinitukana mimi, akamtukana mama yangu, akawatukana nguruwe wetu. Kisha akavaa soksi. Nilipoondoa gari nilimwona kwenye kioo, anakwenda, kwa miguu, hatua fupifupi, upande wa Fuentelobos. Baadaye niliambiwa aliingia jioni, kengele ikapigwa, na Padre akabusu malengelenge akisema ni madonda ya utakatifu. Wale wenye mfupa walikasirika sana.

Tulipokaribia nyumbani simu ya Unai ikalia. Aliisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Hakuiweka sauti kubwa, ila sauti ya Jara haikuhitaji hilo.

"Kama unarudi, panda basi la leo," nikamsikia. "Nitakuwa kituoni. Nitakutukana kwanza, mbele za watu, na unisikilize mpaka mwisho. Halafu uniulize."

"Nitakusikiliza," akasema.

Nilimteremsha kituoni. Alisimama na begi lake, vumbi mpaka nyusi, ananuka kama kundi zima la kondoo, akaniuliza afanyeje anukie vizuri kidogo kabla ya kufika.

"Usijipake chochote," nikamwambia. "Nenda hivyohivyo."

Nikampa mkate mmoja wa moto wa kula njiani, akaukata katikati kuhakikisha hauna soseji ndani, akapanda basi.